Mwendo wa Pikipiki na Sheria za Barabara

Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa na Mfasiri wa Serikali mbele ya waendesha pikipiki, wachuuzi wa samaki na wasafiri, ufukoni Luanda Kotieno



Mwenyekiti wa ufuko amenionya kwamba ninayo ruhusa ya kusema mpaka feri itakapoonekana ikitoka Mbita, na ya kuwa ikiisha kuonekana hatabaki mtu wa kunisikiliza, hata nikisema maneno matamu kama asali. Nimekubali sharti hilo. Tena nawaomba radhi wale ambao wangalipenda niseme Kijaluo. Nasema Kiswahili kwa sababu wasafiri walio hapa wametoka pande nyingi, na kwa sababu maneno haya yatapigwa chapa ili wasomwe na wengine.

Mahali hapa ni mlango. Mtu wa Siaya atakaye kwenda Mbita au Homa Bay ana njia mbili. Ya kwanza ni kuvuka maji kwa feri, safari isiyotimiza saa moja. Ya pili ni kuizunguka ghuba nzima kwa nchi kavu, apite Kisumu, apite Ahero, kisha ashike njia ya Kendu Bay, na jua litakuwa limeelekea magharibi kabla hajafika. Kwa hiyo kila mtu ajaye kutoka Ndori huja na neno moja kinywani, nalo ni feri. Mwenye mgonjwa asema feri, mwenye gunia la omena asema feri, karani mwenye barua mkobani asema feri. Na mtu wa pikipiki, ambaye hana haja ya kuvuka kabisa, ndiye achukuaye haraka za watu wote mgongoni mwake.

Vijana wengi hapa hawajui kazi yao ilivyoanza, nami napenda waijue, maana si kazi ya kudharauliwa. Ilianzia mpakani Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, kwa watu wa baisikeli. Wasafiri walipofika kituo cha upande mmoja walikuta mwendo mrefu kwa miguu hata kituo cha upande wa pili, na wenye baisikeli wakawaita kwa sauti, "Boda, boda!" maana yake wawachukue toka mpaka hata mpaka. Jina likashika. Baadaye baisikeli hizo zilijaa mjini Kisumu, na wengi wetu tulipelekwa shule juu ya kiti cha nyuma chenye mto wa sponji. Mwaka 2008 Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki zenye injini ndogo, bei ilishuka, na mashine zikaingia mashambani kama nzige. Tofauti ni kwamba nzige huleta njaa, na pikipiki zilileta chakula. Mama aliyekuwa akibeba omena kichwani tangu alfajiri sasa hufika sokoni kabla jua halijawa kali. Mzazi mwenye uchungu usiku hufika kwa mkunga. Nani atakayesema tuirudishe mikono ya saa?

Lakini kila kitu kina gharama yake. Kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, watu waliokufa katika barabara za Kenya mwaka 2022 walikuwa 4,690. Wa kwanza kwa wingi katika hesabu hizo za kila mwaka ni watu waendao kwa miguu. Wanaofuata ni hawa wa pikipiki, waendeshaji pamoja na abiria wao. Katika hesabu hiyo hawamo waliovunjika paja, wala waliopoteza akili kwa pigo la kichwa, ambao wamo majumbani mwetu, na jirani huwapita akisalimu tu.

Sasa nije kwenye sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, asili yake ni ya mwaka 1953, wakati pikipiki katika wilaya nzima zilihesabika kwa vidole. Mwaka 2012 Bunge liliongeza ndani yake kifungu kinachohusu pikipiki peke yake. Kifungu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, chenye mafundo mengi, lakini ukikifungua utakuta mambo ambayo mtoto aweza kuyashika. Mwendeshaji avae kofia ya chuma na koti la kumeremeta. Asichukue ila abiria mmoja kwa safari moja. Achukuaye abiria kwa malipo ampe abiria huyo kofia na koti vilevile, na abiria naye asikubali kupanda bila ya kuvivaa. Nasema "kofia ya chuma" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusema, ingawa siku hizi haina chuma; ninyi mwaita helmeti, nami sina ugomvi na jina. Zaidi ya hayo hapana budi uwe na leseni ya daraja linalohusika, nayo kwa mchukuzi wa abiria ni A3. Leseni ya motokaa haikupi ruhusa ya pikipiki, hata kama umeendesha lori miaka kumi. Tena uwe na bima iliyo hai. Bima iliyokwisha muda wake ni karatasi ya kufungia njugu.

Jambo ninalotaka mlitazame zaidi ni lile la abiria naye kuwa na wajibu. Watu wengi hudhani sheria ya pikipiki ni ya mwenye pikipiki, na abiria ni mzigo tu, kama gunia. Mimi nalidhani hivyo pia, nami nilikuwa na sababu ndogo kuliko mtu yeyote ya kudhani hivyo. Niruhusuni niwaeleze.

Kazi yangu ni kufasiri. Huletewa amri, ilani na maelezo kwa Kiingereza, nami huyageuza yawe Kiswahili. Siku moja nilikuwa nimemaliza kuyafasiri maelezo ya sheria za pikipiki, haya haya ninayowaeleza, nami nikatumwa Mbita kwa shughuli ya ofisi. Karatasi zenyewe zilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikashuka Ndori nimechelewa. Palikuwa na kijana mmoja ambaye amekwisha kumpandisha mama mwenye beseni la nyanya, yu tayari kuondoka. Nikamwambia, "Kijana, nipakie na mimi, nina haraka ya feri." Akanitazama viatu, akaitazama shati yangu nyeupe, akasema, "Mwalimu, hapa tayari ni wawili." Nikamwambia nitamlipa nauli ya watu wawili. Akanyamaza kidogo, kisha yule mama akasogea mbele, nami nikaketi nyuma yake. Kofia ilikuwapo moja tu, nayo ilikuwa imetundikwa kwenye mkono wa usukani, kwa sababu jua lilikuwa kali. Sikusema neno.

Tukaenda. Mwendo wake ulikuwa wa kadiri, nawaapieni. Mimi ndiye niliyemgusa bega nikamwambia, "Ongeza moto, feri isituache." Nikalisema neno hilo mara mbili. Mara ya pili alitii. Tulipokata kona moja iliyo na kichaka upande wa kushoto, ndama alikuwa amesimama katikati ya njia, na mvulana amemshika kamba. Kijana alibana breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likakutana na changarawe iliyomwagika juu ya lami, nalo likateleza kama sabuni. Mimi nilianguka majanini, nikachunika viganja na goti. Yule mama alivunjika kifundo cha mkono. Kijana alikuwa chini ya mashine, paja limevunjika, na damu inatoka sikioni. Kofia ilikuwa imebingirika ng'ambo ya barabara, nzima, haina hata mkwaruzo.

Alipelekwa Kisumu, akalala hospitali majuma mengi. Pikipiki ilikuwa ya mkopo; mwenye fedha alipoona malipo hayaji akaichukua. Nilikwenda kumwona, nimebeba machungwa, kwa maana sikujua ningebeba nini. Alikuwa amepata nafuu, ila maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayeyatafuta gizani. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilikwambia ni wawili." Na habari ya feri nilikuja kuipata baadaye kwa watu wa ufuko huu: siku ile ilikuwa bado inapakia magunia, ikaondoka nusu saa baada ya sisi kuanguka.

Sitayaongeza maneno hayo. Nimeyasema ili mjue kwamba sisimami hapa kama mtu asiye na doa.

Natakeni sasa tulitazame jambo la mwendo kwa hesabu, kwa sababu wengi hufikiri breki ni kama ukuta, ukiigusa tu chombo kimesimama. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Jicho lako likimwona ndama, habari hiyo haina budi isafiri mpaka akilini, na kutoka akilini ishuke mkononi na mguuni. Mtu mwepesi, asiyelewa wala kuchoka, huchukua kama sekunde moja. Basi mita 17 zimekwisha, na breki haijaguswa. Toka hapo, juu ya lami kavu na breki nzima, yahitaji kama mita 20 nyingine ili kusimama. Jumla ni mita 37. Lakini kwa mwendo wa kilomita 30, mita za kufikiri ni 8 na za kusimama ni 5, jumla 13. Tazameni: mwendo umepungua kwa nusu, lakini njia inayohitajika baada ya kushika breki imepungua hata robo. Ukizidisha mwendo mara mbili, breki yataka nafasi mara nne. Na hesabu hii ni ya lami kavu. Kwenye murami yenye kokoto, au katika mvua za masika, sahauni tarakimu zangu, zidisheni.

Watu wa hapa huniuliza breki ipi ni bora, ya mbele au ya nyuma. Vijana wengi huiogopa ya mbele, husema humrusha mtu. Ukweli ni kwamba chombo kikisimamishwa, uzito wote huinamia mbele, gurudumu la mbele hukaza chini, na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha. Tumieni zote mbili pamoja, mkiibana ya mbele kwa kuongeza kidogo kidogo, kama mtu anayekamua ng'ombe, wala si kwa kuinyaka. Juu ya changarawe uwe mpole zaidi, na breki ikamilike kabla hujaingia kona, usukani ukiwa bado umenyooka. Yule kijana wangu alikuwa na breki moja tu mguuni, na abiria wawili nyuma waliomsukuma kwa uzito wao. Breki za mashine ile hazikuundwa kwa mzigo huo.

Nasikia mtu akisema, "Lakini mimi huenda polepole, kofia ya nini?" Bwana, mtu anayeanguka kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa na kugonga kitu kisichosogea, hugonga kwa nguvu sawa na mtu aliyeanguka kutoka juu mita 6, yaani urefu wa nyumba ya ghorofa. Kwa kilomita 50 ni karibu mita 10. Hakuna mtu hapa ambaye angepanda mti wa mita 10 na kujitupa kwa kichwa, eti kwa sababu jua ni kali.

Habari za kofia hii zina hadithi yake, nayo ni ya kweli. Palikuwa na Mwingereza aliyejulikana sana kwa vita vya Uarabuni, jina lake T. E. Lawrence. Alipenda pikipiki kuliko kitu chochote. Tarehe 13 Mei 1935, katika jimbo la Dorset, alikuwa akipanda barabara ya mashambani, kichwa wazi, akakutana ghafula na vijana wawili wa baisikeli mahali barabara inapoinama. Aliwakwepa, akarushwa mbele ya mashine yake. Akalala bila fahamu siku sita, akafa tarehe 19. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwapo mpasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia, Hugh Cairns. Tabibu huyo hakuweza kumwokoa mgonjwa wake, lakini jambo lile halikumtoka moyoni. Alianza kuzichunguza ajali za waendesha pikipiki wa jeshi, akapima nani alivaa kofia na nani hakuvaa, na mwaka 1941 aliandika aliyoyaona katika gazeti la matabibu wa Uingereza. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jeshi likawaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia. Kwa raia wote wa Uingereza, sheria ilikuja mwaka 1973, naye Cairns alikuwa amekwisha kufa tangu 1952. Basi msidhani kwamba watu wa Ulaya walizaliwa wakivaa kofia. Nao walibishana miaka mingi, kwa maneno yale yale mnayoyasema ninyi.

Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakautoa mwaka 2008, waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia kama 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Lakini ni kofia iliyofungwa. Ganda la nje hulitawanya pigo lisitue mahali pamoja, na ile povu ngumu ya ndani hubonyea badala ya fuvu lako. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kugongwa katika ajali imekwisha kazi yake, hata kama kwa macho yaonekana nzima. Na kofia isiyofungwa kamba kidevuni huruka kabla yako. Iliyotundikwa kwenye usukani huulinda usukani.

Akina mama wameniambia jambo ambalo nimeona ni la haki. Wamesema, kofia ya abiria imevaliwa na vichwa kumi tangu asubuhi, ina jasho, ina harufu, na mtu ametoka kusuka nywele kwa fedha yake. Siwezi kuwaambia kwamba hayo ni upuuzi. Dawa yake ni rahisi: kila mwenye pikipiki aianike kofia juani kila siku na kuifuta ndani, na kila mama awe na kitambaa chake chepesi cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa. Nimeona mama mmoja wa soko la samaki aliyenunua kofia yake mwenyewe, hutembea nayo kama vile watu watembeavyo na mwavuli. Mwanzoni walimcheka. Sasa nasikia wako watatu.

Nikiwa bado kwa akina mama, nataka kusema habari za kuketi. Mama aketiye upande upande hana mguu wa kujizuia, na chombo chote huinama upande mmoja. Leso na kanga ndefu huingia katika mnyororo au katika spoku za gurudumu la nyuma, na likinasa humvuta mtu chini kabla dereva hajajua kuna nini. Kunjeni nguo, zifungeni juu ya goti, mketi kwa kutanda, miguu juu ya vikanyagio, mbali na bomba la moshi. Makovu ya bomba hilo kwenye miundi yetu yangetosha kututambulisha sisi watu wa pwani ya ziwa mbele ya kabila lolote. Na mtoto asipakatwe juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva. Najua huonekana salama, kwa kuwa baba amemzungushia mikono. Ajali ikitokea, uzito wa baba na wa mashine humwangukia yeye kwanza.

Magunia ya omena nayo yana neno. Omena iliyokauka ni nyepesi, kwa hiyo mtu hupakia marefu na mapana, mpaka dereva aonekane kama konokono aliyebeba nyumba yake. Upepo wa ziwani ukilipiga gunia kama hilo ubavuni, ni sawa na kupiga tanga. Mzigo uwe chini, uwe katikati, ufungwe kwa kamba mbili, usifunike taa ya nyuma. Tena mzigo na abiria wasiwe pamoja.

Barabarani mwendo wetu ni wa mkono wa kushoto. Hilo mnalijua. Lakini nimeona vijana watokao njia ndogo za vijijini wakiingia katika lami bila kusimama, wakitazama upande mmoja tu. Atokaye njia ndogo hungoja, wa barabara kuu hupita. Mtazame kulia, mtazame kushoto, kisha kulia tena. Lori likiwa mbele yenu na kuonyesha taa ya kukata kushoto, msijipenyeze kati yake na ukingo: dereva wake yuko juu, vioo vyake havionyeshi kila mahali, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi kuliko ya mbele. Ukiona kioo cha lori lakini humwoni dereva ndani yake, jua naye hakuoni. Katika mji na katika vituo vya biashara sheria yasema usizidi kilomita 50 kwa saa, na mahali penye watoto watokao shule hata hizo ni nyingi mno. Alama za pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, za duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Na wale ambao safari zao huwafikisha Kisumu wakumbuke kwamba katika mizunguko ya barabara, walio ndani tayari, wajao kutoka mkono wako wa kuume, ndio wenye haki ya kwanza. Pale hakuna aliyewahi kuwazidi ujanja madereva wa matatu, msijaribu.

Usiku nitausema kwa maneno machache, ingawa ndio wenye hatari nyingi. Fanyeni jaribio hili wenyewe: simamisheni pikipiki mahali penye giza, washeni taa, kisha mmoja atembee mbele mpaka asionekane vema, akihesabu hatua. Linganisheni hatua hizo na zile mita 37 nilizozitaja. Wengi wenu mtaona kwamba mwendo wenu wa usiku ni mrefu kuliko macho yenu. Ng'ombe mweusi hana taa. Mlevi alalaye kando ya njia hana taa. Lile koti la kumeremeta ambalo wengine huligeuza likawa tambara la kufutia mashine, ndilo litakalomwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna mtu. Na pombe sina haja ya kuihubiri. Nilisoma katika shule ya misheni, mtasema ni mazoea. Nasema tu kwamba ile sekunde moja ya akili kuwahi mkono, kwa mlevi huwa ndefu zaidi, naye hajui kama imekuwa ndefu.

Mtu akianguka, nawasihi, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama mbuzi, wala msimweke katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine kumkimbiza hospitali. Mfupa wa shingo uliopata ufa waweza kukatika kabisa katika safari hiyo ya wema. Kwanza zuieni magari, mtu mmoja asimame kila upande. Damu inayobubujika ibanwe kwa kitambaa safi, na mkono usiondolewe. Kofia isivuliwe kwa nguvu ikiwa mtu anapumua vema. Kichwa kishikwe kisigeuke, na mgonjwa alazwe juu ya ubao au mlango, achukuliwe kwa motokaa yenye nafasi ya kumlaza. Hospitali ya Madiany na ile ya misheni ya Lwak ziko jirani, na wakiona jambo ni kubwa watampeleka ile kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wazee bado huiita Russia.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijaanza, kwa nini nawasumbua vijana na askari wa barabarani wapo. Nimemjibu kwamba kutoka hapa mpaka Ndori askari hawezi kusimama nyuma ya kila kichaka, lakini nyuma ya kila kijana ameketi abiria. Abiria ndiye mwenye nauli. Akisema "tumekuwa wawili, nitangoja nyingine," hakuna dereva atakayemlazimisha kupanda. Akisema "ongeza moto," mmekwisha kusikia.

Naona watu wameanza kugeuza shingo kuelekea majini, na kweli naona moshi. Bado ina mwendo kabla haijafunga gati. Naomba vijana walio zamu ya kwanza wazilete pikipiki zao hapa chini ya mti, zima injini, tuzitazame nyororo, tairi na nyaya za breki moja moja. Fundi wa ufuko amekubali kutusaidia na hatatoza kitu kwa leo. Wenye maswali waniulize tukiwa tunaendelea. Na yule aliye na kofia mbili, aje awe wa kwanza.